Tofali la Kumi na Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyonibana vidole, na mkubwa wangu hakuvitazama hata kidogo. Aliitazama mikono yangu. Tulimwita Mkuu wa Maabara, au Mzee tu, na maabara yenyewe ilikuwa ya kupima vifaa vya ujenzi, hapa hapa Arua: jengo la mabati lenye mashine moja kubwa ya kubana, mizani miwili, hodhi la maji, na vumbi la saruji lililoingia mpaka kwenye chai.

Mzee alikuwa mtu wa Koboko, aliyekulia kambini kwa sababu baba yake alikuwa fundi wa jeshi. Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko kambini, hakikuwa na mapambo: 'najua' yake ilitosha kwa mimi, wewe na yeye.

"Wewe jina yako nani?"

"Drani, Mzee. Natoka Vurra."

"Wewe najua kuhesabu?"

"Najua, Mzee."

"Kuhesabu, kila mutu najua. Kuacha je? Wewe najua kuacha?"

Nilidhani ananiuliza habari za pombe. Nikamjibu kwamba sinywi. Akanipa ufagio, na wiki nzima ya kwanza nilifagia.

Nyie vijana wa maabara mnaoniomba niwaandikie tulivyofanya kazi zamani, mna kompyuta inayowachorea kila kitu kabla hamjamaliza kupiga chafya. Nawaonea wivu, nasema wazi. Na kwa kuwa nimeshalitaja hilo neno, niseme mapema ili msije mkadai niliwaficha: mimi ni mtu wa wivu. Nilikuwa hivyo kazini, nimestaafu nao, na haya ninayoandika yamechelewa kwa sababu yake.

Kwanza kazi. Tuseme mmeletewa matofali mia mbili na mnaulizwa kama yanafaa kujengea. Tofali likishabanwa kwenye mashine, hata kama halikupasuka, hulipeleki tena ukutani. Ukiyabana yote, umejua ukweli wote na huna cha kujengea. Ukijiwekea hamsini, unaweza kuhangaika siku nzima na shehena ambayo matofali mawili ya kwanza yalishakwambia kwamba imeoza. Kwa hiyo Mzee alitufundisha upimaji wa hatua kwa hatua. Hujiwekei idadi. Unabana moja, halafu unajiuliza: nikubali, nikatae, au niendelee? Unabana la pili, unajiuliza tena.

Jibu halikutoka kichwani mwako. Lilitoka kwenye karatasi ya miraba, ambayo juu yake Mzee alikwisha kuchora mistari miwili inayopanda kwa mshazari kutoka kushoto kwenda kulia. Kila tofali ni mraba mmoja kwenda kulia. Likipasuka kabla sindano ya geji ya mashine haijafika alama nyekundu, nukta yako inapanda mraba mmoja. Nukta ikivuka mstari wa juu, kataa shehena yote. Nukta ikibaki chini mpaka mstari wa chini ukaipita, kubali. Ikiwa katikati, endelea. Kwa mistari yetu, matofali kumi na mawili mfululizo bila hata moja kupasuka yalitosha kukubali, na mawili ya mwanzo yakipasuka yote yalitosha kukataa.

Mistari ilichorwa kabla ya tofali la kwanza, kwa hesabu ya kosa unaloweza kulivumilia, na baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Wala hatukuruhusiwa kuchagua tofali. Mzee alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vizibo vya soda, kila kizibo kimepakwa namba. Unalitikisa, unatoa kizibo, na tofali lenye namba hiyo ndilo linaloingia kwenye mashine. Na aliyetengeneza matofali hakuruhusiwa kusogelea mashine wakati yanapimwa. Alikaa nje kwenye benchi. Sheria hizo tatu Mzee alizirudia mpaka tukawa tunamwigiza akiwa hayupo. "Kopo nachagua. Fundi nakaa inje. Mustari nasema acha, wewe naacha!"

Nilikuwa nimeanza kuzoea karatasi hizo nilipohamishiwa Vurra, mpakani, kupima saruji na nondo zinazopita na malori. Wengine wangefurahi kupelekwa kwao. Mimi nilinuna. Kazi ilikuwa kukoroga saruji kwenye kikombe na kuchoma sindano kila baada ya muda, kuona imeganda kiasi gani, huku madereva wakinipigia honi. Msimamizi wa Kituo, mtu mnene mwenye huruma na Kiswahili kama cha Mzee, aliniambia, "Drani, vumilia. Mzee nakupenda, ndiyo maana nakutuma." Nilimwamini. Nikawa nahesabu siku za kurudi kwenye kiti changu.

Niliporudi Arua kiti changu kilikuwa na mtu.

Aliitwa Hawa Kiden, mwanamke mwembamba, Mkakwa wa Koboko, mtoto wa familia ya jeshi kama Mzee mwenyewe. Alisimama upesi, akafuta kiti kwa kitambaa, akasema, "Karibu kaka. Mzee alisema iko yako." Sikukikalia. Nilisema nimezoea kusimama, nikasimama mpaka saa kumi jioni kwa hasira, miguu ikaniuma kwa ujinga wangu mwenyewe.

Hakunikosea lolote. Ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa mvivu ningelala vizuri. Alijifunza mistari kwa siku tatu. Mimi ilinichukua miezi. Alikuwa akiuliza maswali ambayo Mzee alifunga macho kabla ya kuyajibu, na kwangu Mzee hakuwahi kufunga macho. Wakimaliza kazi waliongea Kikakwa na kucheka, mimi Mlugbara wa Vurra nimeshika mzani, sijui wanacheka nini. Nilikuwa na hakika wananicheka. Siku moja nikamuuliza Hawa kwa mzaha wa uchungu, "Leo mmenisema nini?" Akashangaa. "Kaka Drani, Mzee alikuwa anasimulia mbuzi ya mama yake ilikula kofia ya afande." Sikumwamini. Halafu Mzee akamkabidhi kopo. Asubuhi moja tu nilikuta kopo liko mezani kwa Hawa badala ya rafuni, na moyo wangu ukafanya pa!

Sasa sikilizeni kilichokuwa kikishindaniwa, maana ndipo maisha ya watu wawili yalipogeukia. Hawa alikuwa akitafiti tofali la kushindilia, tofali lisilochomwa. Alichanganya udongo mwekundu wa changarawe wa Koboko, mchanga wa mtoni na saruji kidogo, akashindilia kwa mashine ya mkono, akafunika kwa magunia na kumwagilia kwa wiki nne ili saruji ikomae. Aliongeza saruji kijiko kwa kijiko, kila mchanganyiko na karatasi yake. Upande wa Omugo, tangu makazi ya wakimbizi yapanuke, kuni zilikuwa zimekuwa taabu, na tanuri moja la matofali ya kuchoma linameza miti mingi. Mhandisi wa Wilaya alitaka kujenga nyumba za wauguzi huko. Alisema matofali ya Hawa yakipita kwetu, atajengea hayo. Mzee naye, ambaye alikaribia kustaafu, alituita wawili na kusema bila kuzunguka:

"Tofali ya Hawa napita, Hawa nakaa kwa kiti yangu. Hapana pita, Drani nakaa. Na Drani ndiye napima."

Nikamwambia Mzee kwamba haifai mimi kupima. Nilisema kwa mdomo. Akanijibu, "Mimi nakuamini. Mustari ndiyo napima, wewe naandika tu."

Siku ya kupima Hawa alikaa nje kwenye benchi, mikono mapajani. Mzee alikuwa kikaoni kwa Mhandisi wa Wilaya. Matofali yalikuwa yamelowekwa kwenye hodhi tangu jana yake, kwa sababu tofali la udongo hupimwa likiwa limelowa. Likiwa kavu linakudanganya. Nilitikisa kopo. La kwanza, salama. La pili, salama. La tano, salama. Nilijikuta nainamia geji nikiiombea sindano ikwame. Mnaelewa? Mtu mzima, mwenye watoto na mwenda kanisani, naliombea tofali lipasuke. La nane, salama. La kumi, salama. La kumi na moja nilisikia mlio mdogo, moyo ukaruka kwa furaha, kumbe ni bawaba ya mlango. La kumi na mbili, salama. Mstari wa chini ukaipita nukta.

Penseli ilitakiwa kusimama hapo. Ilibaki sahihi yangu tu, maana kwetu karatasi haikuwa karatasi mpaka mpimaji aweke sahihi pale nukta ilipovuka.

Sikuiweka. Nilijiambia kwamba sayansi inataka shaka, kwamba kumi na mawili ni machache kwa jambo kubwa la nyumba za wauguzi, kwamba mtu mwangalifu angeanza upya. Wivu ukishavaa koti la uangalifu, hata mwenyewe unaupigia saluti. Nikaichana ile karatasi kutoka kwenye daftari, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Nikafungua ukurasa uliofuata, wenye mistari ile ile. Halafu nikaacha kopo mezani na kwenda nje nyuma ya jengo kwa miguu yangu, mpaka kwenye pembe ya rundo la matofali ya Hawa chini ya mfereji wa paa, ambako magunia yalikuwa yameng'olewa na upepo na matofali mawili yalikauka kabla saruji yake haijakomaa. Nilikuwa nimeyaona wiki iliyopita. Niliyaona, nikanyamaza, nikayakumbuka. Niliyatumbukiza kwenye hodhi kwa muda mfupi ili yafanane na mengine.

La kwanza likapasuka. La pili likapasuka. Nukta ikavuka mstari wa juu, na safari hii niliweka sahihi.

Mzee aliporudi alishika karatasi, akatafuta miwani, akasoma mara mbili. Kurasa za daftari letu zilikuwa na namba.

"Hii namba kumi na tano. Kumi na nne iko wapi?"

"Ilimwagikiwa maji, Mzee."

"Maji."

"Ndiyo, Mzee. Hodhi."

Akanitazama mikono, kama siku ya kwanza. Mikono yangu ilikuwa mikavu. Akatia sahihi chini ya yangu, akatoka nje kumwambia Hawa kwa Kikakwa, na siku hiyo hawakucheka.

Nilikaa kwenye kile kiti. Nyumba za wauguzi Omugo zilijengwa kwa matofali ya kuchoma, na nilipopita huko kikazi niliona matanuri yakifuka moshi na akina mama wakitoka mbali zaidi na mizigo ya kuni kichwani. Nilijua kosa ni la nani. Nikamwambia dereva aongeze mwendo.

Jambo la kwanza nililofanya kama Mkuu ni kumhamishia Hawa Koboko, kituo cha chumba kimoja. Nilisema anahitajika huko. Nilifunga madaftari yake yote kwenye maboksi, pamoja na yale ya upimaji yaliyomhusu, ili nisiuone tena mwandiko wake, nikayapakia kwenye gari ya ofisi. Aliniaga kwa heshima. "Asante kaka Drani. Huko iko udongo mzuri."

Mtadhani wivu uliisha, si nimepata? Kha! Wivu haushibi namna hiyo. Hawa alianza upya, na habari zake zilinifikia kwa barua za ofisi ambazo nililazimika kuzigonga muhuri. Alipata mashine ndogo ya kubana. Alipata kopo lake. Baada ya miaka kadhaa aliomba mpimaji kutoka maabara nyingine kabisa, mtu asiyemjua yeye wala mimi, na matofali yake yakapita. Duka la kwanza likajengwa, halafu chekechea ya msikitini, halafu vibanda vya pembeni mwa soko la Koboko. Na mimi, Mkuu mzima, kila nilipokwenda Koboko nilikuwa nikipitia kwenye kuta zile na kuzikwaruza kwa ufunguo nione kama zinamomonyoka. Siku moja kijana wa boda aliyeegesha pikipiki hapo alinifokea.

"Mzee! Wewe iko nafanya nini kwa ukuta ya mutu?"

"Napima."

"Unapima na ufunguo? Ukuta hii iko ya Mama Hawa. Hii hapana kwisha, hata wewe kwaruza mpaka kesho!"

Watu wakacheka. Nilirudi kwenye gari nimeinama, na ufunguo umepinda.

Kazi niliifanya vizuri, msinielewe vibaya. Hakuna karatasi nyingine niliyoichezea. Wanafunzi wangu niliwafokea wakitazama matokeo nusu njia na kutaka kuacha kwa sababu yanawapendeza, au kutaka kuendelea kwa sababu hayawapendezi. Niliwaambia kosa hilo ndilo baya kuliko yote katika upimaji wa hatua kwa hatua, kwa kuwa halionekani kwenye hesabu. Walidhani nimelisoma kitabuni.

Nilipostaafu ofisi ilichinja mbuzi, kukawa na soda na hotuba. Mhandisi wa Wilaya, wa tatu tangu yule wa mwanzo, alisema mimi ni mtu wa mistari iliyonyooka. Hawa alikuja kutoka Koboko, ameshakuwa bibi, na mfuko wa nailoni mkononi. Watu walipokuwa wanagawa nyama alinivuta kando, tukaenda kukaa kwenye lile benchi la nje, benchi lake. Akatoa daftari.

Madaftari yetu ya upimaji yalikuwa na karatasi ya kaboni. Unaandika juu, na chini yake, kwenye karatasi nyembamba ya njano, inabaki nakala. Hilo kila mtu wa kazi yetu analijua hata akiwa usingizini. Siku ile, kwa papara, nilichana ya juu nikasahau ya chini, halafu mimi mwenyewe kwa mikono yangu nikaipakia kwenye boksi na kumpelekea Koboko.

Ukurasa wa kumi na nne. Nukta kumi na mbili za samawati kwenye mstari mmoja, namba za vizibo pembeni kwa mwandiko wangu, na mstari wa chini umezipita. Mahali pa sahihi patupu.

"Uliiona lini?"

"Wiki ya kwanza Koboko. Nilikuwa natafuta ukurasa mweupe wa kuandikia."

"Miaka yote hii! Kwa nini hukusema, Hawa? Kwa Mzee, kwa Mhandisi, kwa mtu yeyote?"

Alinitazama bila hasira.

"Kaka Drani, wewe ulikuwa umekaa kwa kiti. Mimi niko chumba kimoja Koboko. Ningesema, watu wangesema Hawa iko na wivu."

Ndani walikuwa wanaimba.

"Basi nikaanza tena," akasema. "Tofali namba moja."

"Na leo unataka nini? Niingie ndani niwaambie?"

"Hapana. Leo kula mbuzi yako. Lakini karatasi haina sahihi, na wewe ndiye ulipima." Akaniwekea daftari mapajani, akarudi ndani kusaidia kugawa vyakula.

Mngedhani nililia, au nilimkimbilia kumwomba radhi. Nitawaambia nilichohisi, kwa kuwa nimeahidi kutowaficha. Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa kuweza kukaa na kitu kama kile kwenye boksi miaka yote, akaendelea kumwagilia matofali yake, akaja kwenye sherehe yangu na upole wake. Mimi ningekipeperusha barabarani siku hiyo hiyo. Usiku nikijigeuza kitandani bado namwonea.

Daftari nimekaa nalo tangu nistaafu. Nimelitoa mara nyingi, nikashika kalamu, nikalirudisha kabatini nikisema bado, ngoja nifikiri zaidi, niwe na hakika. Mke wangu aliniuliza naogopa nini kwenye daftari la zamani, nikamwambia mende. Halafu mkaniandikia nyie vijana, mkitaka kujua kazi yetu ilifanywaje. Nikaona aibu kuwafundisha kuacha penseli kwenye mstari wakati mimi mwenyewe sijaiacha tangu siku ile.

Leo asubuhi nimelifungua. Maandishi haya mtapewa nyinyi, na daftari linakwenda Koboko kwa basi la saa nne, kwa Mama Hawa Kiden, mkononi mwake. Mtakaolisoma baadaye mtakuta ukurasa wa kumi na nne umejazwa hivi:

Matofali yaliyobanwa: kumi na mawili. Yaliyopasuka: hakuna. Uamuzi: kubali. Mpimaji: Drani wa Vurra, amechelewa.